Gari Lililopona Lenyewe

Mkimwona mzee wa gereji amesimama mbele ya gari, mikono nyuma, kimya, msidhani kila mara anatafakari. Wakati mwingine anajaribu kukumbuka alichokiharibu. Mimi nimesimama hivyo miaka mingi, Mombasa na hapa Maryland, na watu walikuwa wakipita karibu yangu kwa kunyata, kwa heshima. Heshima hiyo ndiyo nitakayowasimulieni, nyinyi mnaoanza ufundi, kwa sababu nusura imnyime bibi wa miaka tisini na mbili kitu alichokingoja tangu utotoni.

Jina langu Athumani. Vijana wa chama chetu cha mafundi waliniomba niandike siri za kazi, nami nikawaambia siri hakuna. Kazi yenyewe ni kulala chali kwenye saruji baridi huku grisi inakudondokea sikioni. Lakini wakaniganda, na mke wangu akasema afadhali niandike kuliko kukaa dirishani hapa Adelphi nikizikosoa gari za majirani kwa milio yake. Basi naandika.

Gereji yangu ilikuwa Laurel, nyuma ya maghala, karibu sana na reli. Asubuhi treni ya watu wa maofisini ikipita, spana zote ukutani zilicheza. Tulikuwa mafundi wawili. Mimi, na Papa Bosco, Mkongomani wa Lubumbashi, fundi wa kuchomea na kunyoosha bodi, mtu mpole, anayeongea kama vile kila neno analilipia. Na tulikuwa na baraza. Viti vitano vya plastiki, birika la chai ya tangawizi, na wazee wenzangu ambao baina yao walikuwa na shahada za kila namna isipokuwa ya magari. Hawakuwahi kushindwa kuutaja ugonjwa wa gari. Walikuwa wakiutaja kabla dereva hajazima injini.

Sasa Bwana Curtis. Huyu ni Mmarekani mweusi, amestaafu kama mimi, na mimi nimemzidi miaka mitatu tu. Maisha yake yote alikuwa mkaguzi katika kampuni moja iliyofanya kazi za serikali. Kazi yake ilikuwa kusimamisha kazi za wengine. Bolti moja ikikosekana, anasimamisha daraja zima, na mhandisi alie atakavyo. Kisha uzeeni akajifunza Kiswahili katika darasa la jioni, kwa mwalimu wa Kizanzibari, bibi mkali wa adabu kuliko sarufi. Akatoka pale anakijua kuliko sisi. Sisi tunasema gari iko sawa. Yeye anasema gari limo katika hali njema. Hajawahi kuingia gerejini bila kunipa shikamoo yangu, na ufunguo anaukabidhi kwa mikono miwili. Wazee wa baraza walimpenda mno, wakawa wanamtolea mfano kwa watoto wao wenyewe, ambao wakisalimiwa hujibu "hey" na kuendelea kutazama simu.

Curtis alikuwa na gari la zamani kweli, la miaka ile taa zilikuwa shaba tupu na sipoki za magurudumu ni mbao. Jina la kampuni iliyoliunda silitaji, maana haikuwa na kosa lolote katika habari hii. Gari hilo lilitoka kwa babu yake mzaa mama, aliyekuwa dereva wa tajiri mmoja mjini Washington. Tajiri alipochoka nalo akamwachia dereva wake. Mama yake Curtis, Bibi Odessa, ndiye mtoto wa yule dereva. Alipokuwa mdogo, yeye na nduguze walizisugua taa zile kila Jumamosi, lakini hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukaa ndani. Baba yao alikuwa akisema gari ni la kazi. Lilipokuja kuwa la baba huyo mwenyewe, macho yake yalikuwa yamekwisha, likaingia bandani. Kwa hiyo Bibi Odessa alifika miaka tisini na mbili hajawahi kukalia kiti cha nyuma cha gari alilolisugua utoto wake wote. Siku yake ya kuzaliwa ilikuwa inaangukia Jumapili, na alitaka jambo moja: apelekwe kanisani kwa gari la baba yake, maili tatu, akiwa amekaa nyuma.

"Mzee," Curtis aliniambia, "naomba ulitilie grisi na kuzikagua breki. Mengineyo yamo salama."

Sentensi rahisi. Nimeirudia kichwani mara nyingi tangu siku ile. Grisi na breki.

Lakini mikono yangu ililelewa kwingine. Mimi nilifundishwa na Fundi Hemed, Changamwe, gereji ya malori. Fundi Hemed alikuwa na mwili mwembamba na sauti ya watu watatu, na alikuwa na imani moja maishani mbali na dini yake: hakuna gari linalotoka kwake bila pleti ya ziada. Kwa msiojua, springi ya gari kubwa ni vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, na kila chuma tunakiita pleti. Ukiongeza pleti, springi inakuwa ngumu na gari linainuka. Kule kwetu lori la tani saba lilibeba kumi, na juu ya zile kumi wakapanda watu, na mmoja wa watu hao alikuwa na mbuzi. Kwa hiyo Fundi Hemed hakuuliza. Uje umepasua taa, uje honi imekufa, utaondoka na pleti. Siku moja alimwekea pleti mtu aliyekuja kuuliza njia ya kwenda bandarini. Nasi wanafunzi wake tukatoka na mkono huo huo, kama wale wapishi wanaotia chumvi bila kuonja.

Basi nililitazama gari la Curtis, nikaona nyuma limekaa chini kidogo, kama upana wa vidole viwili. Gari la karibu miaka mia. Mimi mwenyewe nikiamka asubuhi huwa nimekaa chini zaidi ya hapo, na hakuna anayeniongezea kitu. Lakini mkono ukawasha. Nikatafuta springi ya pikapu iliyokuwa imekufa uani, nikatoa pleti mbili nzuri, nikazikata, nikazitoboa katikati, nikaziweka moja kila upande na kukaza bolti mpaka zikalia. Matako ya gari yakapanda juu. Nikajisikia vizuri sana. Curtis alikuwepo, daftari mkononi, akatazama yote, akaandika, akasema ahsante. Mimi sikueleza chochote, maana niliona natoa zawadi.

Baada ya siku tatu akarudi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Bwana Curtis. Gari lasemaje?"

"Gari linakusalimu. Samahani sana kwa kukusumbua. Linayumba kidogo."

Nilikuja kujua baadaye kwamba hiyo "kidogo" ilimaanisha alikuwa amepanda kwenye majani ya jirani na kuliangusha sanduku lake la barua.

Hapo uchunguzi ukaanza, na nawaambieni ulikuwa uchunguzi mzuri. Nitauandika vile ulivyofanyika kwa sababu hatua zake ni sahihi, ingawa aliyezifanya alikuwa mjinga. Gari likiyumba, usianze kwenye usukani. Anza chini, palipo na barabara, upande kwenda juu. Nilipima upepo wa matairi. Nikaliinua kwa jeki, nikashika gurudumu juu na chini nikalitikisa, nikasikia beringi imelegea kidogo, nikaikaza. Nikalishika tena juu na chini, nikasikia mchezo mwingine, huo ukawa wa kingpini, yaani ile pini nene iliyosimama mwisho wa ekseli ambayo gurudumu hugeukia. Bushi zake, yaani vikombe vya shaba vinavyoishika, zilikuwa zimelika. Papa Bosco akachonga mpya kwa mashine, siku mbili. Kisha vifundo vya vyuma vinavyounganisha gurudumu na gurudumu. Hapa vijana wengi hukosea, hutazama kwa macho. Usitazame. Mwambie mwenzako atikise usukani kidogo kidogo, wewe weka vidole juu ya kifundo. Kama kimelika utakisikia kinagonga kabla hujaona lolote. Viwili vilikuwa vinagonga. Nikavitengeneza. Mwisho boksi la usukani, nikalikaza, na nikalikaza kupita kiasi, kwa hiyo Curtis alipoendesha alirudi na jasho.

Kila nilipopata kasoro, baraza walipiga makofi. Kila gari lilipotoka barabarani, lilirudi linayumba vile vile.

"Ni matairi," alisema mmoja, mtu wa Tanga, mhasibu. "Nilisema tangu siku ya kwanza."

"Hukusema matairi. Ulisema petroli."

"Nilisema yote mawili."

Wakati huo alikuja pia kijana mmoja fundi wa Springfield, mtoto wa Wakenya, kuazima winchi. Ana gereji safi mpaka unaona haya kukohoa ndani yake. Akaliona gari akavutiwa, akachukua ile kompyuta yake ya kusomea hitilafu, akapiga magoti chini ya usukani akapapasa kwa muda, akitafuta tundu la kuichomekea.

"Mzee, sioni port. Walii-hide wapi?"

"Waliiacha nje ya gari," nikamwambia. "Miaka mingi kabla haijabuniwa."

Nilicheka sana siku hiyo. Yule kijana alikuwa anapapasa kitu ambacho hakipo, na mimi nilikuwa na kitu kilichopo sikipapasi. Kati yetu sijui nani alistahili kuchekwa.

Papa Bosco alijaribu kuniambia. Alilala chini ya gari na kamba na chaki, akapima fremu pembe kwa pembe, akatoka akijipangusa.

"Vile naona, Mzee, chassis iko droit kabisa, imenyooka. Huku mbele hamuna tena shida. Pengine kule nyuma..."

"Asante, Papa Bosco," nikamkata.

Akaenda kunywa chai. Curtis naye alijaribu, siku iliyofuata, mikono ameikunja kifuani kama mtu aliyeingia msikitini kwa mara ya kwanza.

"Mzee, samahani. Je, upo uwezekano kwamba sehemu ya nyuma nayo ina neno?"

"Usukani uko mbele, Bwana Curtis."

"Ni kweli kabisa, Mzee. Ahsante."

Na akaliandika. Nilimwona akiandika, nikadhani anaandika hekima yangu.

Siku nne kabla ya Jumapili tulitoka wote wawili kulijaribu kwenye barabara ya maghala. Kwa maili ishirini kwa saa lilikwenda. Kwa thelathini likaanza kutafuta. Curtis analivuta kushoto, linakubali halafu linazidisha. Analivuta kulia, linavuka mstari. Lori la lami likatokea mbele yetu, na nawaambia ukweli, nilishaanza kutamka shahada. Tukapita upande wake kwa nafasi ambayo hata barua isingepita, tukasimama kwenye kokoto. Curtis akavuta breki ya mkono.

"Mzee," akasema, "nadhani nitamweleza mama yangu kwamba gari halitakuwa tayari."

Akampigia palepale. Simu haikuwa na spika lakini Bibi Odessa hakuhitaji spika. Nilisikia kila neno. Alisema amengoja tangu akiwa na miaka sita, na je, mwanawe anataka angoje mingine mingapi? Curtis akasema samahani, mama, ni kwa usalama. Kisha akakata simu.

Nilipata jibu alasiri hiyo hiyo, na sikulipata kwa akili. Tulikuwa tunaswali kwenye pembe ya gereji, juu ya mikeka, kama kawaida. Nilipotoa salamu nikageuza shingo, nikamwona yule mhasibu wa Tanga, amechelewa, anaswali peke yake, yuko kwenye rukuu. Nyuma yake lilikuwepo gari, kwa ubavu. Mtu na gari wameinama upande mmoja.

Gari limerukuu. Nilisimama bila hata kumaliza uradi. Gari la namna ile lina ubao wa kukanyagia ubavuni, toka gurudumu la mbele hadi la nyuma, na ubao ule unapaswa kulala sawa na sakafu. Nikachukua gololi moja ya beringi, nikaiweka katikati ya ubao. Ikaanza yenyewe kwenda mbele, polepole, kisha haraka, ikaanguka, ikapotelea chini ya kabati. Inchi nne nyuma ilikuwa juu. Pleti za pikapu.

Nendeni dukani mkatazame toroli. Gurudumu lake la mbele halikuwekwa sawasawa chini ya mguu wake, limeachwa nyuma kidogo, ndiyo maana ukilisukuma linajinyoosha. Ekseli ya mbele ya gari imefanyiwa hila ya namna hiyo. Ile kingpini imelazwa, kichwa chake kimeegemea nyuma kidogo, na ndiyo sababu gari hurudi katikati lenyewe ukilegeza mkono. Ukiinua matako ya gari, gari zima linainamia mbele, pini inasimama wima, na hila inakwisha. Gurudumu halijui tena katikati ni wapi. Bushi zote nilizobadilisha, vifundo vyote, lile boksi, vilikuwa kama kumpaka mtu dawa ya kichwa na huku umemkanyaga mguu.

Sasa sikilizeni nilichofanya, maana hapa ndipo naona haya. Sikumwita mtu. Nilingoja mpaka Ijumaa, Papa Bosco na baraza nzima walipokwenda kula, nikalala chini ya gari nikazitoa zile pleti mbili, nikazitia kwenye gunia, gunia nikaliweka nyuma ya matairi makuukuu. Walipokuja, Curtis pamoja nao, nikasema twende tukajaribu. Gari likaenda kwa thelathini na tano likiwa limenyooka, Curtis akaondoa mkono mmoja, halafu akaweka vidole viwili tu, na tuliporudi baraza wakasimama.

"Huyu ndiye fundi!" alisema mtu wa Tanga. "Siyo hao wa kompyuta."

Curtis alifungua daftari. "Hongera, Mzee. Maradhi yake yalikuwa nini?"

"Aa," nikasema. "Mambo ya ekseli."

Akaandika: mambo ya ekseli. Papa Bosco alitazama kule kwenye matairi makuukuu, akatazama kikombe chake.

Jumapili asubuhi Curtis alimleta mama yake kwa gari la kawaida hadi gerejini, ili aanzie safari pale. Bibi Odessa alishuka na fimbo, kofia nyeupe, glavu nyeupe, mdogo wa umbo, na macho ambayo hayakuwa na shida yoyote. Baraza wote walikuwa wamevaa kanzu zao nzuri. Alilizunguka gari lote. Akainama kwenye taa.

"Nani amezisugua hizi?" Alisema Kiingereza, nami nawapeni kwa lugha yetu.

"Mimi, Bibi."

"Kwa nyuma hukufika."

Kisha akamgeukia mwanawe. "Lilikuwa na nini?"

"Mambo ya ekseli, mama."

"Mambo gani?"

Curtis akanitazama. Nikasema ni mambo ya kitaalamu. Bibi Odessa akakwenda kwenye kiti kimoja cha plastiki akakaa, fimbo mbele yake, mgongo ameligeuzia gari.

"Baba yangu alikuwa dereva," akasema. "Jumatano naambiwa gari litaniua. Ijumaa naambiwa limepona, na hakuna anayejua lilikuwa linaumwa nini. Baba yangu hakupanda gari lililopona lenyewe, na mimi sipandi."

"Mama, ni saa tano kasorobo, na ibada ni saa tano."

"Basi tutachelewa, au hatutakwenda."

Mimi nilisimama, mikono nyuma. Nilikuwa nauona ukosi wa koti lake, umepigwa pasi vizuri, na pini ndogo ya dhahabu ambayo bila shaka ameivaa kwa ajili ya siku ile tu. Alikuwa tayari kuiacha safari aliyoingoja maisha yake yote, na kilichokuwa katikati yake na kiti kile hakikuwa ekseli. Kilikuwa mimi, na jina langu, na makofi ya watu watano wanaokunywa chai yangu.

Nikaenda nyuma ya matairi. Nikalileta gunia nikazitoa zile pleti nikazilaza sakafuni mbele ya viatu vyake. Nikamwambia kwa Kiingereza changu: hizi niliziweka mimi, hakuna aliyeniomba, zikaliharibu gari, nikatafuta kosa wiki tatu kila mahali isipokuwa hapo, halafu nikazitoa kwa siri nikapokea hongera. Kisha nikalirudia lote kwa Kiswahili ili baraza wasije wakasema hawakuelewa.

Bibi Odessa aligusa pleti moja kwa ncha ya fimbo. Hakunikasirikia. Alimtazama mwanawe, ambaye alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Wewe ulijua."

"Mama..."

"Leta daftari. Soma."

Curtis akasoma, akitafsiri huku sauti inazidi kupungua. Ukurasa wa kwanza: Mzee ameongeza pleti mbili nyuma. Sikumwomba. Bila shaka anayo sababu. Ukurasa wa pili: Nyuma imepanda inchi nne. Naamini ndicho chanzo cha kuyumba. Haifai kumkosoa Mzee. Ukurasa wa tatu: Nimemdokezea Mzee habari ya nyuma. Mzee amesema usukani uko mbele. Na ukurasa wa nne ulikuwa na anwani ya gereji moja ya Baltimore, ambako alipanga kulipeleka gari kisirisiri mwezi unaofuata, pleti zikatolewe bila mimi kujua, ili nisivunjiwe heshima.

"Ulisimamisha madaraja ya watu," alisema mama yake. "Huyu hukuweza kumsimamisha?"

"Ni mkubwa wangu, mama. Kwao hawafanyi hivyo."

"Na mimi ni nani?"

Curtis akalifunga daftari. Papa Bosco akakohoa kutoka kwenye mashine yake.

"Na miye nilijua, Mzee," akasema. "Lakini weye ni mkubwa."

Mhasibu wa Tanga akasema yeye pia alishuku, na kwa mara ya kwanza nadhani alisema kweli. Watu watano au sita, wote wameona, wote wamekaa na mimi, wamenimiminia chai, na gari linakaribia kuua. Nilitaka kuwakasirikia nikashindwa, kwa sababu nilikumbuka jinsi nilivyomkata Papa Bosco, na jinsi mimi mwenyewe, Changamwe, nilivyokuwa nikimwona Fundi Hemed akikosea na kumshikia taa ili aone vizuri anavyokosea.

Nawaombeni, wanangu. Mzee mpeni kiti, mpeni shikamoo yake, mpeni kikombe cha kwanza. Na mkimwona anaweka pleti isiyotakiwa, mwambieni palepale, kabla hajakaza bolti. Atanuna. Mimi ningenuna siku mbili hivi, halafu ningewashukuru nikiwa peke yangu chooni. Na nyinyi mtakapokuwa wazee, mkisikia mtu anasema "samahani, pengine kule nyuma," nyamazeni mumwache amalize sentensi yake.

Bibi Odessa aliinuka. Curtis akamfungulia mlango wa nyuma, naye akapanda bila kushikwa mkono, akakaa katikati kabisa ya kiti, mbali na kila upande, kama nadhani alivyokuwa akikaa yule tajiri. Kisha akaninyooshea fimbo.

"Aliyeliharibu atakaa mbele," akasema.

Nikakaa mbele, karibu na Curtis, na suruali yangu ya gereji. Tulitoka Laurel kwa maili ishirini na tano. Magari yakatupita yakipiga honi za furaha, watoto wakatupungia. Mimi sikupunga. Nilikuwa nasikiliza ekseli, na mara moja moja niliweka kiganja sakafuni nipate kuhisi, na hapakuwa na chochote, gari lilikwenda kama mtu anayekwenda nyumbani kwake. Nyuma sikusikia neno. Niliogopa kugeuka, nikidhani labda analia, na mimi si mtu wa kustahimili hilo. Mwishowe nikageuka. Alikuwa hajalia. Alikuwa amevua glavu moja, na mkono ule mtupu anaupitisha taratibu kwenye ngozi ya kiti, mbele na nyuma, mbele na nyuma.

Kanisani walikuwa wamejaa mlangoni wakimngoja, na maua, na keki. Curtis akazima injini, akazunguka, akafungua mlango, akanyoosha mkono. Bibi Odessa hakuupokea. Mchungaji akaja mwenyewe, akasema ibada imechelewa dakika ishirini. Bibi Odessa akamwambia wenye haraka watangulie, na kama kuna keki, imletwe hapa.